Hela za Jumamosi uwanjani: nyie wenzetu wa gofu mnakubaliana vipi ili msigombane?

MkwajuMmoja:

Wakuu habari za jioni, naomba msaada wa wazoefu wa gofu humu maana kuna jambo linanikera na sitaki kulifikisha kwa kapteni wa klabu kabla sijajua likoje. Mimi ni mgeni kwenye huu mchezo, handikapu yangu (mikwaju ninayopunguziwa kwenye raundi) ni 24, na nashukuru nimepata kundi zuri la wenzangu watatu, mmoja ana 9 mwingine 11 mwingine 15, kila Jumamosi asubuhi tunatoka kabla jua halijawa kali. Wenyewe walikuwa wanawekeana hela toka zamani kabla yangu, shilingi 2,000 kwa kila shimo, wanaita skini, yaani mwenye mikwaju michache peke yake kwenye shimo anachukua kwa wote, mkifungana hela inalala inasogea shimo linalofuata. Mimi wananipa mikwaju 15 kwa kuhesabia kutoka kwa yule mwenye 9, kwa hiyo mashimo mengi napunguziwa mkwaju mmoja. Mpaka hapo sina shida, napenda hata, inanifanya nitulie kwenye kila mpira.

Sasa Jumamosi iliyopita tumefika shimo la 14, paa 4 (shimo la kumalizwa kwa mikwaju minne), hela ilikuwa imelala toka shimo la 10. Mimi nimefika grini (pale penye nyasi fupi na shimo) kwa mitatu, nimebakiza kama mita moja hivi, nikitia nina 4 na kwa handikapu inakuwa 3, skini zote tano zangu. Yule wa 9 akaniambia "okota hiyo, nzuri", nikaokota. Wa 11 alikuwa keshatia 4 yake na shimo hilo yeye hapunguziwi. Tumefika tii ya 15, yaani pa kuanzia shimo hilo, ndio wa 11 anasema mimi sijamaliza shimo, hakuna aliyeona mpira ukiingia na yeye hakuniachia, kwa hiyo 4 yake ndiyo ndogo na hela ni yake. Wa 15 kimya. Ni 30,000 tu jamani, si hela ya kugombania watu wazima, ila mashimo manne yaliyobaki hakuna aliyeongea na mwenzie na kwenye chai kila mtu akakaa kivyake.

Tena kuna mengine yananichanganya. Kuna bwana mmoja pale baa ya klabu, hachezi na sisi kabisa, anataka kuweka laki mbili kwenye mechi yetu ya wiki ijayo, mimi na wa 9 dhidi ya wale wawili. Halafu kuna shindano la mwisho wa mwaka la kualika wageni, watu wanasema usiku wake timu zitauzwa kwa mnada na atakayenunua timu ikishinda anavuna. Na kuna mwenzetu wa tano anayeingia mmoja akisafiri, ni Muislamu wa swala tano, yeye hataki hela kabisa na jamaa wanamwona kama anaharibu mchezo. Mimi nina ndoto ya kuchezea timu ya klabu huko mbele, je hizi hela haziwezi kunitoa kwenye uchezaji wa ridhaa, ule usio wa kulipwa? Naomba mnieleze taratibu, msinicheke.

Refa_wa_Grini:

Hakuna wa kukucheka mkuu, hilo la kuokota ndilo linalovunja makundi mengi kuliko hata hela yenyewe.

Tuanze nalo. Kwenye sheria za gofu kumwachia mtu mpira kupo kwenye mchezo wa shimo kwa shimo peke yake, ni kanuni ya 3.2b, na ukishaachiwa umeachiwa, aliyekuachia hawezi kurudisha maneno yake na wewe huwezi kukataa. Kwenye mchezo wa kuhesabu mikwaju hakuna kitu hicho, kila mpira lazima uingie shimoni. Skini zenyewe hazina ukurasa wake kitabuni, ni mchezo wa watu kukubaliana, lakini ukiutazama vizuri ni mechi ndogo ndogo, wewe dhidi ya kila mmoja wao. Kwa hiyo wa 9 alipokuambia okota alikuachia kwa upande wake tu, hela za wenzie hakuwa na mamlaka nazo. Wa 11 hakukuachia, hapo ana haki yake. Wa 15 kunyamaza siyo kuachia.

Lakini hapo hapo mimi huyo wa 11 simuungi mkono. Alikuona unainama, unaokota, alikuwa amesimama pale pale na fimbo ya kuputi mkononi, akanyamaza mpaka tii inayofuata. Muungwana anasema palepale "kwangu bado, naomba uutie", unaurudisha mpira pale ulipokuwa, unapiga, mita moja imeisha na hakuna kesi. Mngeniita niwaamue ningesema shimo hilo lihesabike limefungwa na hela iendelee kulala shimo la 15, na kwa kuwa mchezo umeshapita, zile skini tano kila mtu abaki na hela yake na muanze upya. Kuanzia sasa mkubaliane kabla ya mpira wa kwanza kupigwa, ama hakuna kuachiana kabisa kila mtu atie, ama mpira hauachiwi mpaka wote watatu waseme kwa sauti. Mimi kwenye skini napendelea wote watie, inaongeza dakika chache tu.

Na siku ya shindano la mwezi muwe makini mara mbili. Watu wanacheza shindano la klabu la kuhesabu mikwaju na pembeni wana skini zao, mtu anaambiwa okota anaokota, akishapiga tii ya shimo linalofuata bila kumaliza lile la nyuma ameshaondolewa kwenye shindano, kanuni ya 3.3c. Ukishtuka kabla hujapiga tii unarudi, unauweka mpira mahali pake, unajiongezea mkwaju mmoja wa kuokota bila kuweka alama, unatia. Kama shindano ni la Stableford, lile la kukusanya pointi kwa kila shimo, nafuu ipo, shimo lile unakosa pointi tu. Vilevile yale makubaliano ya "kila mtu ana mpira mmoja wa kurudia tii" Jumamosi ya kawaida mfanye mnavyotaka, ila kwenye shindano rasmi mkikubaliana kupuuza kanuni mnayoijua, na mmoja wenu ameshaanza raundi, mnatolewa wote hata kama bado hamjautumia, hiyo ni 1.3b.

Sasa la ridhaa, hapa tulia kabisa. R&A wa St Andrews na USGA wa Marekani, ambao ndio wanaotunga sheria za gofu, hawakatazi marafiki kuwekeana hela uwanjani. Msimamo wao ni kwamba haina neno kama wachezaji wanajuana, anayeingia anaingia kwa hiari, wanaoweka ni wachezaji wenyewe, hela yote inayoshindaniwa imetoka mifukoni mwa hao hao wachezaji, na kiasi chenyewe hakijapita kipimo, yaani mmekuja kucheza gofu mfurahi, hamjaja kutafuta riziki. Pima hizo 2,000 zenu hapo. Siku mbaya kabisa usiposhinda hata skini moja mashimo yote 18 unatoa 36,000, na hiyo ni mpaka ikutokee mkosi wa ajabu. Kipimo cha "imezidi" hawajakiandika kwa tarakimu, kila kundi linajijua, ila mimi nikiona mtu anaanza kutetemeka kwenye mpira wa nusu mita kwa sababu ya hela najua pale imeshazidi kwake.

Huyo wa laki mbili hachezi, kwa hiyo hayumo. Mwambieni hapana kwa adabu. Akishaingia yeye ataingia na mwingine, baadaye mnapiga mpira huku mtu kwenye dirisha la klabu anahesabu hela yake kwenye mkwaju wako, na hiyo si tena ya marafiki. Kibongo nako kuna Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na Bodi yake, mtu akigeuza hizo za baa kuwa biashara ya kupokea dau za watu anahitaji leseni, msijiingize huko.

Halafu usichanganye hela mnayowekeana na zawadi ya shindano, hivyo ni vitu viwili. Toka sheria mpya za ridhaa za Januari 2022 mchezaji wa ridhaa anaruhusiwa kupokea hata hela taslimu kwenye shindano lisilotumia handikapu, kikomo ni dola 1,000 za Marekani au pauni 700. Shindano la handikapu unaweza kupokea zawadi ndani ya kikomo hicho hicho ila siyo taslimu. Nayasisitiza haya kwa sababu kuna klabu unakuta mtu kashinda kwa mikwaju ya net, yaani baada ya kutoa handikapu, anapewa bahasha mbele ya watu na wote wanapiga makofi, na anayeumia ni huyo huyo aliyeshinda, maana ridhaa yake iko hatarini.

KediWaZamani:

Refa kasema yote ya kitabu, mimi niongezee upande wa kwetu wabeba mifuko maana hapo hamjagusa kabisa.

Nimebeba mifuko ya watu toka nikiwa kijana mdogo hadi nikaanza kucheza mwenyewe, nakuambieni hela ya mabosi ikiwa kubwa wa kwanza kuharibika ni kedi. Bosi anakuambia nikishinda leo nakupa asilimia kumi. Basi wewe umetangulia mbele, mpira wake umeingia kwenye rafu, zile nyasi ndefu za pembeni, umelala nyuma ya kisiki cha nyasi, majani yameufunika nusu, wenzie bado wako mita 100 nyuma wanaongea. Kidole cha mguu tu. Kiatu kinapita pembeni ya mpira kama unatafuta, mpira unatoka sentimita ishirini unakaa juu ya majani vizuri, unasimama hapo unanyoosha mkono "huu hapa bosi". Nimeona vijana wakifanya hivyo mbele ya macho yangu na bosi wala hajui, akapiga mkwaju mzuri akasifiwa. Na kosa la kedi ni kosa la mchezaji, kanuni ya 10.3c iko wazi, ukiusogeza mpira ni adhabu ya mkwaju kwa bosi wako, na akipiga kutoka pale ulipousogeza ni mikwaju miwili, au shimo zima kama ni mechi.

Kwa hiyo ndugu yangu MkwajuMmoja mkubaliane na hili pia, kedi hapewi fungu kwenye hela za skini. Mlipeni ujira wake mliokubaliana kabla ya kutoka, na bakshishi yake iwe ile ile umeshinda umeshindwa, kama kakusomea grini vizuri mpe, kama kachoka na jua mpe maji. Kijana yule ana nyumba ya kulisha, ukimfungia riziki yake kwenye mpira wako wa mwisho unamtia kwenye mtihani ambao hakuuomba.

Na vijana wenyewe nyuma huko wanawekeana buku buku, kedi wa huyu na kedi wa yule. Hilo mabosi wengi wanalichekea, mimi silichekei. Kedi mwenye dau hawezi kushika bendera kwa moyo mmoja wala kukuambia ukweli mpira wa mpinzani umeishia wapi. Mwambie kedi wako taratibu, bila kumfokea mbele ya watu, kwamba kwenye kundi lenu hakuna hiyo.

Nasema haya kwa sababu wachezaji wengi wazuri wa nchi hii wametokea kwenye kubeba mifuko, na mtoto anajifunza gofu kwa kuangalia nyie mnafanyaje.

Fewei_ya_Limuru:

Niaje wasee, salamu kutoka Kenya. Hiyo kitu ya skini mimi niliacha, naona inaumiza sana handikapu kubwa na pia inaleta hiyo shida ya hela kulala lala halafu shimo moja linakuwa na presha yote. Sisi four-ball yetu tunacheza Nassau, wawili kwa wawili, mpira bora wa kila upande. Ni bet tatu ndani ya raundi moja, mashimo tisa ya kwanza moja, tisa ya nyuma moja, na 18 zote moja. Tukiweka mia tano bob kila moja basi mtu ukipigwa zote unatoa 1,500, umejua toka asubuhi. Na hata kama tisa za mbele mmelimwa kabisa, tisa za nyuma zinaanza upya, kwa hiyo hakuna mtu anatembea akiwa amekata tamaa shimo la saba.

Jina limetoka Nassau Country Club huko Long Island, New York, kitu kama 1900 hivi, inasemekana wazito wa hiyo klabu walikuwa hawataki gazeti liandike kapigwa vibaya, ndio wakapanga hesabu iwe tatu tu, kipigo kikubwa zaidi ni tatu bila.

Lakini hapo kuna kitu inaitwa presi na hapo ndio watu wanalia. Ukiwa nyuma mashimo mawili unaruhusiwa kuitisha bet mpya kwa mashimo yaliyobaki ya hiyo tisa, pesa ile ile. Ukiruhusu presi moja kila tisa, ile 1,500 inaweza fika 2,500, sawa, bado ni chakula cha mchana. Ukiruhusu presi juu ya presi bila kikomo, shimo la 16 hakuna mtu anajua amebeba ngapi, mtu anafanya hesabu nyuma ya kadi, kufika klabu hesabu zenu hazifanani. Sisi tulisema presi moja kila tisa, inaitishwa na walio nyuma pekee, na lazima waseme kabla ya mtu yeyote kupiga tii, sio mpira wako ushaenda fewei, ile njia ya nyasi fupi katikati, ndio unaitisha.

Na malipo ni M-Pesa kabla ya mtu kuinuka mezani. Hakuna "tutamalizana wiki ijayo", deni la gofu likilala linaoza. Msee akikosa pesa siku hiyo anasema kwenye tii ya kwanza, anacheza bila, hakuna mtu anamuuliza sababu.

MkwajuMmoja:

Asanteni sana wakuu, hilo la kedi sikuwahi kulifikiria kabisa na kweli wa 15 huwa anamwahidi kijana wake fungu. Sasa hapo kwenye mikwaju 15 wanayonipa, wa 11 huwa analalamika kwamba mimi napewa mingi mno na siku nikicheza vizuri ananiita mwizi wa handikapu. Mimi kadi zangu naingiza zote. Nimjibu nini? Na lile la mnada hamjanijibu.

KadiZote:

Nipo kwenye kamati ya handikapu ya klabu yetu kwa hiyo hili naliona kila wiki na nalichukulia kwa uzito sana.

Toka mfumo wa dunia wa handikapu uanze mwaka 2020 hesabu ni moja kila mahali, indeksi yako, yaani namba yako ya handikapu kwenye mfumo, inatokana na wastani wa raundi zako nane bora kati ya ishirini za mwisho. Maana yake ni kwamba siku nyingi mtu hafikii handikapu yake, anaifikia au kuipita mara chache, na kwa mgeni kama wewe hizo chache zinakuja kwa kishindo kwa sababu bado unajifunza. Huo siyo wizi. Ukishusha raundi iliyo bora kwa 7 au zaidi kuliko indeksi yako mfumo wenyewe unakukata moja ya ziada, ikifika 10 unakatwa mbili, hausubiri mtu alalamike. Mwambie wa 11 afungue rekodi zako azisome, ni haki yake, na wewe usome zake.

Angalieni pia kama mnatumia namba sahihi maana makundi mengi yanakosea hapo. Indeksi siyo mikwaju ya uwanja. Unachukua indeksi unazidisha na slopu (namba ya ugumu) ya tii mnazochezea unagawa kwa 113, kisha unajumlisha ukadiriaji wa uwanja (mikwaju anayotarajiwa kupiga mchezaji hodari) ukitoa paa ya uwanja. Mtu wa indeksi 20 kwenye uwanja wa slopu 113 ana 20, akienda kwenye uwanja wa slopu 130 ana 23, kama ukadiriaji na paa vinalingana. Mechi ya mtu na mtu anapewa tofauti yote asilimia 100, mechi ya wawili kwa wawili kila mmoja anachukua asilimia 90 ya ya kwake ndipo mnahesabia kutoka kwa yule mdogo. Skini hazina asilimia rasmi, wengine wanatoa yote wengine wanatoa nusu kwa sababu mkwaju mmoja kwenye shimo moja una nguvu sana, nyie chagueni moja na msiibadilishe katikati ya msimu kwa sababu mtu fulani kashinda wiki mbili.

Mwizi wa kweli wa handikapu mnamjua, ni yule anayeingiza kadi mbaya tu, ile siku aliyopiga vizuri "kasahau". Dawa yake ni ndogo, raundi za hela nazo ziingie kwenye mfumo siku ile ile kabla ya chai, zote, na mwenzako ndiye anathibitisha. Na kuongopa handikapu kwenye mechi rasmi, ukitaja kubwa kuliko yako na ikaathiri mikwaju unayopewa, unatolewa, kanuni ya 3.2c.

Sasa mnada. Kaeni mbali nao. Wanauita Calcutta, na wenye sheria wa gofu hawauafiki, wala siyo kwa sababu ya roho mbaya, kuna kisa kilichowatisha. Mwaka 1955 klabu ya Deepdale huko Long Island walifanya shindano la mwanachama na mgeni wake, timu zikapigwa mnada, na jamaa wawili wakaja wakacheza kwa handikapu ya 17 na 18 wakati uwezo wao halisi ulikuwa wa watu wa 3. Wakashinda bila jasho, wakaondoka na kama dola 16,000 ambazo kwa wakati ule ni hela ya nyumba. Ilipofichuka ikaandikwa magazeti yote, na USGA wakatoka hadharani kuupinga mnada wa aina hiyo. Tazama vipimo alivyovitaja Refa, mnada unavunja karibu vyote, wanunuzi si lazima wawe wachezaji, kiasi hakina kikomo kwa sababu ni nani atamzidi nani kwa tambo baada ya vinywaji, na mtu mwenye timu aliyoinunua kwa hela nyingi anakuja kukushika bega asubuhi anakuuliza umelala vizuri. Wewe mwenye ndoto ya timu ya klabu usiweke jina lako hapo. Cheza shindano, usiku wa mnada nenda nyumbani.

MwanaNyali:

Assalaam aleikum nyote, nami niingie hapo kwa huyo mwenzenu wa tano maana naona wote mmempita.

Kaka'ngu, huyo haharibu mchezo. Kwetu sisi jambo hili limekatazwa wazi, Suratul Maida aya ya 90, na wala halina mlango wa kusema ni kidogo au ni baina ya marafiki. Kila mmoja akitoa chake na mmoja akachukua cha wote, hiyo ndiyo kamari yenyewe, hata ikiwa ni soda au chakula cha mchana kwamba atakayeshindwa ndiye alipe, masheikh wengi wanaiweka mle mle. Kwa hiyo msimwambie "basi wewe tuwekee chai tu", mnadhani mnamsaidia kumbe mnamrudisha pale pale. Kinachofaa ni zawadi itokayo kwa asiyeshindana, klabu au mdhamini, hiyo wengi hawana neno nayo.

Mie nacheza na akina mama wenzangu huku pwani, wapo wanaoswali na wapo wasiokuwa Waislamu, na hatuweki senti. Twacheza pointi za Stableford, na mshindi wa wiki huvaa kofia ya ukili iliyosukwa na mama mmoja jirani ya klabu, pana kabisa, ina utepe mwekundu, avae raundi nzima ya wiki ifuatayo mbele ya uwanja mzima, upepo wa kaskazi wataka kuipeperusha na yeye hataki kuivua. Wallahi mimi nimeona watu wakiputi kwa makini kwa ajili ya kofia ile kuliko nilivyoona wanaume wakiputi kwa elfu tano. Mtu akibakiza mita moja hatumwachii, lazima autie, tena twasimama kimya.

Kwa kundi lenu ni rahisi, yeye aandike mikwaju yake, ashindane nanyi kwa pointi na mumtangaze akishinda kama mnavyotangazana, hela zibaki baina ya walioweka. Wakiwa watatu wenye hela basi skini ziwe za watatu, yeye asihesabiwe kufunga wala kuvunja shimo. Na msimfanye mtunza hela wala mwandishi wa madeni, wapo wanaofanya hivyo eti kwa kuwa ni mwaminifu, yeye hilo pia ataka kuliepuka.

MkwajuMmoja:

Shukrani dada yangu, hili la kumpa kazi ya kuandika madeni ndilo jamaa walilokuwa wanalipanga, nitawaambia.

Nimekaa nimeandika ujumbe wa kutuma kwenye grupu letu kesho, naomba mnisahihishe kabla sijatuma: "Ndugu zangu, zile skini tano za shimo la 14 kila mtu abaki na hela yake. Kuanzia Jumamosi hii 2,000 ile ile, kila mtu anatia mpira wake hakuna kuokota. Mikwaju tunapeana yote kwa handikapu ya uwanja ya siku hiyo na kadi zote zinaingia kabla ya chai. Asiyecheza haweki. Kedi analipwa ujira wake na bakshishi, hakuna fungu. Asiyetaka hela anacheza na sisi kwa pointi. Tunalipana mezani." Je, kuna kilichobaki?

Fewei_ya_Limuru:

Iko poa, tuma. Umesahau kitu moja, skini zikilala mpaka shimo la 18 na hilo pia mkifungana. Kuna makundi yanaenda grini ya mazoezi kuputi mpaka mmoja apatikane, hapo watu washachoka na baa nzima imetoka kuangalia, na ndio huyo mzee wa laki mbili anarudi tena. Andika kwamba zilizobaki zinakufa, kila mtu anabaki na pesa yake. Na mvua ikiwakata, mashimo mliyomaliza wote ndiyo yanahesabiwa, lile mlilokuwa katikati halipo.

Refa_wa_Grini:

Namuunga mkono Limuru kwa yote mawili. Ila radi ikianza msingoje kumaliza shimo, weka alama mpira ulipo uingie ndani, hata kama skini kumi zimelala.

Na huo ujumbe kabla ya kuutuma kwenye grupu mpigie simu wa 11 umsomee yeye kwanza.